Mtakatifu wa Kitanda cha Pili

Kwa taadhima kubwa ninautangazia ulimwengu kwamba hospitali ya mji wetu imezindua Jopo la Kuwashika Mkono Wauguzi Wenye Mashaka ya Dhamiri. Jopo lenyewe ni mkurugenzi wetu, Daktari Pumarejo, na mwanasaikolojia mmoja kutoka Sincelejo aliyekuja na birika lake la chai ya maua.

Vikao vilifanyika chumba cha manesi. Ukuta wake ni wa mbao na kitanda changu, cha tatu, kimeugusa. Nililazwa wodini na plasta kwenye mguu uliovunjika baada ya kuukagua ukuta wa shule yetu ya bweni kwa upande wa nje, kazi ambayo watawa hawakuniagiza.

Wa kwanza kushikwa mkono alikuwa Nesi Yamile. Kitanda cha pili alilala Bibi Eduvilia, mwenye saratani ya tumbo isiyo na dawa tena. Watoto wake walimwambia ni vidonda tu, na mkubwa wao, Rodulfo, akaapa kwamba nesi atakayesema vingine atatafuta kazi kwingine. Kila asubuhi bibi aliuliza, Yamile akajibu vidonda, kisha akaenda kulia kwenye stoo ya mashuka. Kibaya zaidi, bibi alikuwa ameweka nadhiri: akipona ataenda kuhiji kanisa la San Benito kumshukuru Bwana wa Miujiza. Basi akawa anangoja kupona, ilhali miguu bado inambeba.

Jopo lilimsikiliza Yamile kwa huruma. Likamwambia avute pumzi, kisha aichore dhamiri yake kama mnyama. Akachora punda. Wakamsifu kwa rangi alizochagua na kumrudisha wodini akaendelee kudanganya, safari hii akiwa ametulia.

Wodini kwetu kila kitanda kina picha ya mtakatifu wa ugonjwa wake. Bibi alikuwa na Erasmo, wa matumbo. Asubuhi moja, kwa muujiza ambao sayansi bado inauchunguza, Erasmo alitoweka. Mahali pake alilala Mtakatifu Yosefu kwenye kitanda chake cha mwisho, yule anayeombwa na wanaokaribia kufa.

Bibi aliitazama picha ile mpaka arepa yake, mkate wa mahindi, ikapoa. Kisha akamwagiza Rodulfo amletee viatu vya kanisani, vya kwendea San Benito.

Rodulfo alipoiona picha, wodi nzima ilimsikia. Jopo likakusanyika kando ya kitanda, birika nalo likaja. Daktari Pumarejo alisema siri imetolewa kwa njia ya picha, na aliyeitoa ni nesi ambaye jopo lilimsaidia kwa moyo wote, kwa hiyo akabidhi sare yake. Yamile akaivua kofia yake.

"Mwacheni mtoto wa watu," bibi akasema. "Huyu mlokole. Kwao hata picha ya Maria hawana. Muulizeni huyo aliyelala pichani ni nani."

Yamile aliisogelea picha, akainamisha kichwa upande. "Si Petro?"

Mwanasaikolojia akajimiminia chai.

"Haya, mwanangu," bibi akamwambia Yamile. "Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Nina vidonda?"

Yamile alimtazama Rodulfo, akalitazama jopo. Hakuvuta pumzi wala hakuchora mnyama.

"Hapana, bibi. Si vidonda."

Rodulfo aliketi kitandani, akamshika mama yake mguu juu ya shuka. Hakumfukuza mtu.

Lakini Daktari Pumarejo alikuwa ameshakuja kuadhibu, na hakutaka safari yake ipotee bure. Akauliza picha hiyo imebandikwa na nani basi.

"Aliyelelewa na watawa humu ni mmoja," bibi akasema bila haraka, akigeukia kitanda cha tatu. "Na Yosefu wangu amebandikwa kwa chingamu."

Niliacha kutafuna.

Daktari akaniuliza kama nilidhani hospitali ni mahali pa mizaha. Nilitamani kusema ndiyo. Mzaha nina uzoefu nao, na adhabu zake nazijua kwa majina.

"Haukuwa mzaha," nikasema. "Nilichoka kumsikia nesi akilia. Na bibi alikuwa anangoja kupona."

Nikamtoa Erasmo chini ya mto wangu, nikamkabidhi kwa jopo.