Ufunguo Mezani kwa Dakika Tano

…na kidole bado kiko juu, kimoja tu, kimesimama wima hewani, maana yake subiri, na mshona kola anasubiri, mikono kaikunja tumboni kama mtu anayesikia baridi, mbele ya meza ya msimamizi ambaye ukumbi mzima wa cherehani unamwita Dakika Tano, na Dakika Tano, mwenye kidole hicho, anaongea na simu, ndiyo mkuu, kola zitakamilika kabla ya saa nane mkuu, wakati ufunguo wa choo umelala karibu na kiwiko chake, umefungwa kwenye kipande cha ubao kikubwa kama kiatu ili mtu asiutie mfukoni akasahau, mkono ukinyooshwa unaufikia, lakini hauchukuliwi, unatolewa, ndiyo sheria, unaandika daftarini jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi, dakika tano, mara mbili kwa zamu, na ukija mara ya tatu unaulizwa leo una nini wewe, unaulizwa kwa sauti ya kushinda cherehani arobaini, hadi wale wa pasi kule mwisho wanageuka, na ni saa nne tu asubuhi na hii ni mara yake ya tatu, na tumbo hilo linaanza tena, linajisokota kutoka chini ya kitovu kwenda ubavuni, linajikamua, abane, abane hivyo hivyo, moja, mbili, tatu, asiiname, akiinama amekwisha, nne, tano, sita… limeachia, jasho linamshuka mgongoni, na kile kidole hakijashuka.

Kosa la dada yake. Dada yake na ule mdomo wa kujua kila kitu, kidonge kimoja cha kufungua choo hakitoshi mdogo wangu, kimoja ni cha watoto, meza vitatu ulale, asubuhi utaniambia, akicheka kwenye simu, akicheka kwelikweli, na yeye amekaa ukingoni mwa kitanda na tumbo gumu, siku ya sita hajapata choo, chakula kinaingia hakitoki, sketi haifungi, kichwa kizito, amemfokea mume wake kwa kuuliza tu chumvi iko wapi, mume wa watu, akajitafutia chumvi mwenyewe kimya kimya… na kwani alimeza vitatu, hakumeza vitatu, alimeza kimoja saa tatu usiku na glasi ya maji kama alivyoelekezwa, akalala, akaamka saa kumi na moja alfajiri akakaa chooni kwake, choo kisicho na daftari, akakaa hadi miguu ikafa ganzi, hakuna kitu, na zamu inaanza saa moja na geti halimsubiri mtu, ndipo akamsikia dada yake kichwani, kimoja ni cha watoto, akachukua viwili vingine, akasimama nao jikoni, kimoja akakitafuna kwa haraka, akashushia na chai ya maziwa kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi, na sasa vyote vitatu vimekutana humo ndani, cha jana na vya leo, vimefungua kikao, na ajenda ni yeye.

Ndiyo mkuu, anasema Dakika Tano, hapana mkuu, hakuna anayezurura, kila mtu yuko kwenye mashine yake, na anamtazama mshona kola wakati anasema hivyo, anamtazama ana kwa ana, yeye asiye kwenye mashine yoyote, aliyesimama mbele yake, na msimamizi hata aibu haoni.

Na aliambiwa, hilo ndilo linalomchoma, kwamba aliambiwa. Binti wa duka la dawa, mdogo kuliko mdogo wake wa mwisho, miwani imemteleza hadi ncha ya pua, akauliza nikusaidie nini dada, na nyuma walikuwa wamesimama wanaume wawili, basi ulimi ukajisemea wenyewe, ni ya mama yangu, amefunga choo, na papo hapo akajikuta anamzulia mama yake ugonjwa, mama yake ambaye tangu azaliwe ukimwuliza habari za tumbo anadhani unamtukana, mama ana siku ngapi, sita, mama anatapika, hapana, tumbo linamuuma sana, hapana, limejaa tu, ameona damu, hapana, kuna dawa nyingine anatumia, hapana, mjamzito… na mmoja wa wale wanaume akakohoa, na binti mwenyewe akaona alichouliza akasukuma miwani juu, akashusha sauti. Ungedhani atamaliza hapo. Hakumaliza. Akakitoa kidonge kimoja kwenye karatasi yake akakiweka kiganjani, cha njano, kidogo, kinang'aa, akasema unaona hili ganda, hili ndilo linaloifikisha dawa hadi utumbo mkubwa kabla haijafunguka, kwa hiyo asitafune, asivunje, asimeze na maziwa wala na dawa ya kiungulia, apishanishe saa nzima, ganda likiyeyuka mapema atapata msokoto wa tumbo, mwambie kimoja tu wakati wa kulala, na maji, kinachukua saa sita, wakati mwingine kumi na mbili, asubuhi akiona kimya asiongeze, asubiri hadi usiku, na hii si dawa ya kuzoea, inausukuma utumbo kwa nguvu, ikizoeleka inaondoa maji na chumvi mwilini hadi misuli na moyo vinasumbuka, wiki moja ikipita na bado anaihitaji amwone daktari, na kama maumivu yatakuwa makali au akianza kutapika au akaona damu, asimeze tena, aende hospitali siku hiyo hiyo. Vizuri. Alisikia kila neno. Angeweza kuyakariri sasa hivi mbele ya meza hii, na kila alichokatazwa amekifanya, ametafuna, ameongeza, ameshushia na maziwa, hakubakiza kitu, mwanafunzi gani huyu, na hilo ni lake, hilo hawezi kumpa dada yake, dada yake hakuwa jikoni.

Lakini yule binti naye, na lile neno lake la mwisho. Anywe maji ya kutosha, alisema, ale mboga na matunda, na mwili ukimwita aende, aache kila kitu aende, haja ikizuiwa inakauka ndani, na kesho yake inakuwa ngumu zaidi, kisha akamtazama juu ya ile miwani akasema taratibu, na wewe pia dada, ni hivyo hivyo. Kumbe alijua. Alijua tangu mwanzo. Na mshona kola akatoka pale amevimba kwa hasira, anatembea anaongea peke yake, aende, aende wapi, njoo wewe na koti lako jeupe uketi kwenye mashine yangu, mwili ukuite saa tatu na kola mia mbili ziko mbele yako na ubao uko mezani kwa mtu, uone kama utaenda, aende, kirahisi hivyo, na maji, eti maji, nani anakunywa maji hapa… na macho yake yanakwenda dirishani, hakuyatuma, yanakwenda yenyewe, pale chupa zao za maji zinapopangwa asubuhi, kila mmoja na yake, ya bluu, ya kijani, ile yenye kifuniko cha kitambaa, na zimejaa, zote zimejaa, na jioni zinarudi nyumbani zimejaa vile vile, wanawake arobaini wanabeba maji kuyaleta kazini na kuyarudisha, yanatembea tu, kwa sababu ukinywa utakwenda, na ukienda utaandikwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha yule mgeni wa mashine ya mikono ya mashati, mwezi uliopita tu, akamwambia kama mtu anayemwonyesha njia, lowesha mdomo tu mwenzangu, usimeze.

Na ile siku. Asiikumbuke ile siku, anaikumbuka. Ile wiki aliyokaa bila jina lake kuonekana daftarini hata mara moja, siku sita, na Dakika Tano akasimama katikati ya ukumbi akapiga makofi mara mbili cherehani zikanyamaza, akasema huyu hapa, mwigeni huyu, huyu amekuja kazini kufanya kazi, na wenzake wakamtazama, na yeye alifanya nini, alitabasamu, aliinamisha kichwa kama mwari anayesifiwa, akarudi nyumbani akamsimulia mume wake, wamenisifu leo, na mume akauliza wamekusifu kwa nini, akasema kwa bidii. Bidii. Alisifiwa kwa kutokwenda chooni, mtu mzima, mama wa watoto watatu, na akafurahi, na wiki iliyofuata akaanza kufunga choo, wiki iliyofuata ile ile, na hajawahi kuziweka hizo wiki mbili pamoja hadi leo, hadi dakika hii, akiwa amesimama hapa na tumbo linamsokota, moja, mbili, na hasira inapanda pamoja nalo, si kwa dada yake sasa, wala si kwa binti wa miwani aliyesema kweli tupu, tatu, nne, na choo cha ofisini kule nyuma hakina kufuli, tano, ameshaona Dakika Tano anaingia na gazeti… limeachia.

Mtu anamgusa bega. Ni Mama Vifungo, mkubwa wao wote, anayekaa mashine ya vifungo tangu kiwanda kifunguliwe, mtu wa maneno matatu kwa siku, amesimama nyuma yake kushika foleni, na ananong'ona, midomo haisogei, umemeza zile za njano eh, nimekuona unavyojishika. Na yeye anataka kukana, anataka kusema ni za mama yangu, lakini anachoka kabla hajaanza, anaitikia kwa kichwa. Na Mama Vifungo anasema, pole, utazoea, mimi sasa ni mwaka wa pili, kila usiku viwili, bila hivyo sipati kitu kabisa, zamani kimoja kilitosha. Anasema kwa upole, kama anayempa mwenzake habari njema, kwamba kuna namna ya kuishi na ubao ule. Kila usiku. Wiki moja, binti alisema wiki moja, na huyu mama ni mwaka wa pili, na mshona kola anamtazama mikono, mikono inayotetemeka kidogo kidogo ambayo wote walisema ni uzee, na miguu ambayo siku hizi inakaza misuli hadi anashindwa kukanyaga mashine, na moyo, si ndiye aliyesema juzi moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, wakamcheka, wakamwambia umempenda nani, na anamnong'oneza, mama, umemwambia daktari, na Mama Vifungo anashangaa kwa dhati, nimwambie daktari habari za choo?

Basi ni hivyo, si yeye peke yake, na si dada yake, na si chai ya maziwa, chai ya maziwa ni ujinga wake wa leo na leo utamwishia, asipomeza kingine utamwishia, lakini ukumbi mzima umekauka, wanakaushwa kwa ubao na daftari kisha jioni kila mmoja anakwenda duka lake la dawa mbali na wenzake na kusema ni ya mama yangu. Mama, anasema, na anasikia sauti yake haikunong'ona sana, jioni tunatoka pamoja, nakupeleka hospitali, uwaambie yote, viwili, mwaka wa pili, moyo na miguu, hata ukiona haya nitasema mimi. Mama Vifungo anamtazama, anatazama meza, anamtazama tena. Shhh, anasema. Ndiyo mkuu, anasema Dakika Tano, nipo hapa hapa mkuu, na kidole kiko juu, na ubao uko pale pale karibu na kiwiko, na mshona kola ameacha kuutazama, ameikunjua mikono, anayapanga maneno atakayosema simu ikikatwa, atasema tunaumwa, kwanza hilo, tunaumwa, si naumwa, atasema ni kwa sababu gani, atasema neno choo kama lilivyo, bila kuliviringa, wa pasi wageuke, na wageuke, na baada ya hapo atakwenda anakokwenda, na dakika atakazokaa huko hataziandika.