Ziwa la Bibi Mwamini

Hajra alikuwa amechoka kupigwa danadana na mama mkwe. Alimpeleka mwanawe Tunu kijijini Likunja, aachishwe ziwa kwa bibi yake, Mwamini, kama ilivyo desturi: wiki tatu tu, mtoto asahau, arudi Nachingwea. Ikaja "ngoja tuvune ufuta." Ikaja "ngoja korosho ziishe." Miezi sita imekatika, na kila akipiga simu anaambiwa mtoto amelala. Amelala saa nne asubuhi? Mtoto huyo au gogo! Masoudi, mumewe, kazi yake kusema, "Mvumilie mama."

Jumamosi akapanda bodaboda, kifua kimejaa hasira na hoja. Hajra ni mwalimu wa Kiingereza, na wiki hiyo aliwafundisha kidato cha tatu neno "nurture": kulea kwa kulisha na kutunza. Kamusi ilisema limetoka kwenye Kilatini, mzizi wake kunyonyesha. Njia nzima alilitafuna neno hilo. Akaona limeandikwa kwa ajili yake.

Bibi Mwamini alimtandikia mkeka, akamletea uji. Hajra hakugusa hata kikombe.

"Mama, malezi yanaanzia kwenye ziwa. Hata Wazungu wanajua. Neno lao la kulea, asili yake ni kunyonyesha. Aliyemnyonyesha ndiye mlezi. Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Wanasema hivyo?" Mwamini aliuliza taratibu. "Aliyemnyonyesha?"

"Ndivyo."

Tunu akatokea nyuma ya nyumba, vumbi hadi kwenye kope. Hajra akafungua mikono. Mtoto akampita kama anavyopita kinu, akapanda mapajani kwa bibi, akavuta kanga, akaanza kunyonya. Wala halikuwa ziwa kavu. Maziwa yalimchuruzika kidevuni.

Hoja aliyoibeba kutoka Nachingwea ilikuwa imehamia upande wa pili, na yeye ndiye aliyeileta kwa mkono wake.

"Mama! Umri huo?"

"Alilia siku tano, mama Tunu, hali, hanywi. Nikampa alichezee tu, anyamaze. Baada ya wiki kadhaa yakaja." Mwamini hakuinua uso. Aibu ilimshika kidogo, furaha zaidi. "Nimezaa saba. Kifua kilikumbuka."

"Lakini nilimleta aachishwe ziwa!" Hajra alipaza sauti, machozi yakimtoka.

Mwamini akamfuta mtoto kidevu kwa ncha ya kanga.

"Ameacha," alisema. "Ameacha la kwako."