Dungu la Shemeji Nassoro

Kosa ni langu, na nililifanya mdomo umejaa pilau.

Ilikuwa hitma ya baba mdogo wake Nassoro, kule Mahurunga. Nassoro ni fundi mwashi, kamuoa dada yangu Rukia, na sisi mashemeji usipotania msibani watu wanasema una kinyongo. Basi nikapaza sauti: "Jamani, mshukuruni Mungu kaburi hakuchimba shemeji. Angelilipua! Hata hiyo madrasa anayowajengea si madrasa, dungu lile la kufukuzia nguruwe shambani. Mbuzi akikohoa, ukuta unaitika."

Watu wakacheka mpaka wali ukawapalia. Nassoro naye akacheka, akanijibu kwamba nyumba yangu ya Magomeni imesimama kwa kuwa imeegemea ya jirani. Tukagonga mikono. Nikajua yameisha.

Wiki mbili baadaye Rukia akanipigia simu.

"Kaka, mume wangu wamemsimamisha kazi."

"Nani kamsimamisha?"

"Kamati ya madrasa. Wanasema injinia kutoka mjini kaikataa. Jumatatu wanaleta fundi wa Mikindani aibomoe."

"Injinia gani huyo mshenzi?"

"Wewe."

Mimi si injinia. Nina diploma ya ujenzi na kalamu mbili mfukoni. Ila pale kijijini waliniona mara moja na kofia ngumu, ikatosha. Na ugonjwa wangu ni huo, napenda majina ya kazi mbovu. Kazi ya kulipua, bora liende, ukuta wa kuungaunga, mlango wa kubandika, paa la kuegesha. Nikiyasema watu wanacheka. Sijawahi kufuatilia yanakwenda wapi yakishatoka.

Jumamosi nikapanda bodaboda. Njiani nikaanza kujishuku mwenyewe. Mbona lile neno dungu lilinijia upesi vile? Isije ikawa jicho liliona kitu siku ile, mdomo ukatangulia.

Nassoro nilimkuta mlangoni mwa madrasa, mikono kaifungia mgongoni.

"Karibu, Injinia."

"Shemeji bwana, injinia tena?"

"Kagua, Injinia. Usije ukasema nimekuficha kitu."

Nikakagua. Nilishusha timazi kona zote nne, kamba ikashuka sawa na ukuta. Nikakwangua maungio kwa msumari, msumari ukapinda. Nikahesabu nondo zilizochomoza juu ya nguzo, nne nne, hakuna iliyopungua. Nikaanza kupumua.

Nyuma ya mlango nikaona saruji ya rangi nyingine. Mbichi, imepakwa juzi juzi. 

"Hapa umeziba nini?"

"Kumbe unaona," akasema Nassoro. "Kuna mtu wa kamati alikuja na shoka. Alitaka ajue kama kweli dungu litaanguka. Nikaziba alipopiga."

Nilipagonga pale kwa nyundo mara tatu, kisha mara ya nne kwa wasiwasi tu. Pazima kabisa.

Kamati walikuwa wananisubiri nje kwenye viti vya plastiki, Mzee Omari mwenyekiti katikati, Bi Latifa pembeni yake. Nikawaambia kazi ni safi, na ningekuwa na uwezo huyu bwana angenijengea upya kwangu.

Bi Latifa akanitazama kama anayenipima shati. "Sasa siku ile ulisema kweli, au unasema kweli leo?"

"Siku ile ulikuwa utani, mama."

"Ulimtaja na mbuzi."

"Mbuzi wa utani!"

"Mwanangu," Mzee Omari akasema, taratibu, "humo watakaa watoto wetu. Yule wa kwenye hitma alikuwa anakula tu, hana haja na mtu. Wewe wa leo umeitwa na dada yako."

Nikamgeukia Nassoro aniokoe. Alikuwa anaikusanya miiko yake ya uashi, mmoja mmoja, anaitia kwenye ndoo.

Nyuma ya darasa mbuzi akakohoa.

Wote tukageuka kuutazama ukuta. Mzee Omari, Bi Latifa, wajumbe, na Mungu anisamehe, hata mimi. Ukuta ulikaa kimya. Nassoro hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi, na aliniona nilipogeuka.

Nikaishika nyundo upande wa chuma, nikawaelekezea mpini.

"Basi msiniamini. Aje yeyote kati yenu agonge mwenyewe, popote anapotaka."

Mzee Omari akaangalia kobazi zake. Bi Latifa akajifunga khanga vizuri.

"Nawaombeni," nikasema, mkono umeanza kuchoka. "Mmoja tu. Agonge."