Diski ya Pili Haijambo

Usiku wa jana niliota nimekaa kwenye chumba cha seva cha hospitali yetu, mimi Subilaga, fundi wa kompyuta, naandika amri kwenye skrini nyeusi. Wiki ya tatu sasa seva inasaga meno. Kila siku naipima, na kila siku inanijibu neno lilelile. Ndani yake kuna kadi za wajawazito elfu sita wa kliniki, na sina nakala hata moja, kwa sababu ombi langu la diski mpya limerudishwa mara mbili.

Naandika: pima kumbukumbu.

"Nzima," inajibu kumbukumbu.

Pima feni.

"Nzima," inajibu feni, huku inazunguka kwa kuchechemea.

Pima diski ya pili.

"Nzima kabisa, mwanangu," inajibu diski ya pili kwa sauti ya bibi mwenye kikohozi.

Mkuu wa hospitali, Dokta Mwansasu, anatoka kwenye droo ya meza yangu na muhuri mkononi. "Subilaga, si umesikia mwenyewe? Nzima." Anagonga muhuri kwenye ombi langu la tatu: HAIHITAJIKI. Kisha anarudi drooni na kujifungia kwa ndani.

Damu inanichemka. Nachukua bisibisi, nafungua kifuniko cha seva, naingiza kichwa nikaisute diski ana kwa ana. Ndani hakuna nyaya. Kuna sebule. Makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, na diski ya pili imelala mkekani, imejifunika khanga mbili.

"Shikamoo," nasema, maana hasira haiondoi adabu.

"Marahaba. Karibu."

"Mbona unanidanganya? Kila siku nakuuliza, kila siku unasema nzima."

"Unasimama mlangoni na viatu, unauliza, unaondoka. Kwenu nani anaulizwa hali na mtu wa mlangoni, akajibu nakufa?"

Jibu hilo linaniudhi zaidi. Miaka yote niliyosomea kazi hii, hakuna mwalimu aliyenieleza kwamba mashine zimelelewa. Navua viatu, nakaa. Feni inaniletea chai na kumwaga nusu yake kwa kutetemeka.

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Za siku nyingi?"

"Salama tu."

"Wote hawajambo?"

"Hawajambo," inasema. Inakohoa, unga wa chuma unaitoka. Inavuta khanga hadi kidevuni. "Ila."

Nakunywa chai, ambayo haina sukari.

"Ila mimi nakwenda, mwanangu. Leo hii, kabla ya saa nne asubuhi. Na hawa wageni wangu sijui namwachia nani."

Nageuka. Sebule imekuwa benchi la kliniki lisilo na mwisho, na wajawazito elfu sita wamekaa, kila mmoja na kadi yake. Maandishi yanafifia. Aliye karibu ananishika mkono. "Dada, nisomee kundi langu la damu. Najifungua Jumapili."

Naitazama kadi. Herufi inaanguka sakafuni mbele ya macho yangu. Napiga magoti kuitafuta katikati ya miguu iliyovimba, na siioni.

"Nani aliyesema kila kitu kizima?" nauliza kwa ukali.

"Ripoti," inajibu droo kwa sauti ya Dokta.

Nikaamka na hasira zangu. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwenye simu ilikuwa imeshaingia ripoti ambayo seva hunitumia kila siku, mistari ileile tangu nianze kazi. Kumbukumbu: nzima. Feni: nzima. Diski ya pili: nzima, ila

Basi, imeishia hapo. Hata nukta hakuna.

Sikunawa uso. Nilifungua kompyuta yangu ya nyumbani, nikafuta picha zote za harusi yetu ili nafasi ya kunakili kadi ipatikane, nikachomoa diski na kuitia mkobani. Mume wangu, Ambakisye, alitokea jikoni na kikombe.

"Umeamkaje, mama?"

"Vibaya," nikamjibu, nikatoka.