Dakika Nane za Saa Yangu

Saa yangu ya mezani, yenye redio ndani na tarakimu nyekundu usoni, niliinunua mwaka niliothibitishwa kazini. Ina miaka thelathini na minane na haijafunguliwa kifuniko, nami sikuchoka kuwaambia wageni kwamba haijapata kupoteza hata dakika moja.

Asubuhi ile mjukuu wangu aliitwa kwenye usaili saa nne kamili, katika maabara ya kupima maji, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kazi hiyo alikuwa ameitafuta mwaka mzima.

"Babu, simu inasema saa nne kasoro robo. Naondoka."

"Simu ya juzi hiyo! Saa hii imemzidi umri shangazi yako. Bado dakika nane. Maliza chai, mtu wa heshima hafiki akihema."

"Haya, mume wangu, nyumba ni yako," alitania, akaketi.

Alirudi kabla sijaondoa vikombe. Alikuwa amefika maabara saa nne na dakika tatu; mlinzi alimrudisha langoni. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Nilimpigia simu mke wangu, aliyekuwa kwa binti yetu wiki ya tatu akilea mjukuu mchanga, nikamsimulia yaliyotokea. Alicheka hadi akakohoa.

"Mzee wewe! Saa hiyo huzubaa. Mimi ndiye huisogeza mbele kila Jumamosi, ukienda kwa kinyozi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulivyokuwa ukiisifu mbele za watu, ningeanzia wapi?"

Nilivaa koti na tai, nikamwambia mjukuu wangu tuongozane. Mlinzi alitutazama, akatupisha. Mkuu wa maabara alikuwa mama wa umri wa kitindamimba wangu. Sikuketi.

"Mama, kosa ni langu. Yeye alijua saa. Mimi ndiye niliyemzuia, kwa kuiamini saa yangu."

"Inachelewa kiasi gani, mzee?"

Mjukuu wangu ndiye aliyejibu: "Dakika nane kwa wiki tatu. Kama sekunde ishirini na tatu kwa siku. Nimepiga hesabu njiani."

Yule mama akaweka kalamu chini. "Hapa tuna mizani ya zamani kuliko mimi, na haijawahi kuharibika. Utajuaje kama inasema kweli?"

"Nitaijaribu kwa jiwe la uzito unaojulikana kila asubuhi, kabla ya kazi. Hata kama haijawahi kukosea."

"Vuta kiti, binti. Mzee, utusubiri nje."

Nilitoka, nikaufunga mlango taratibu.