Vumbi la Mukima

Kabla Mama Kendi hajakubali wazee wa kina Mutugi wakanyage boma lake kule Mitunguu kuzungumzia habari ya bintiye, alitaka kitu kimoja tu: kabati. Aliangusha mti wa mukima alioupanda kando ya migomba mwaka aliozaliwa Kendi, akapasulisha mbao, akazileta hadi karakana ya Mutugi, Nkubu.

"Nikiona mikono yako," akasema, "ndipo nitawaona wazee wako."

Mutugi akalitengeneza kabati mpaka yeye mwenyewe akalionea wivu. Kisha Ijumaa, kesho yake Mama Kendi akitarajiwa, akafunga bawaba za mlango huku simu imebanwa kati ya sikio na bega, Kendi akimchekesha upande wa pili. Alipokata simu ndipo akagundua amezifunga upande usiofaa. Akazifungua, na mlango ukabaki na mashimo manne usoni, kama mtoto wa tetekuwanga. Mbao nyingine haikuwapo. Mukima ulikuwa mmoja, na Kendi ni mmoja.

Lakini alikuwa na mkebe wake. Randa ya umeme hutema maranda ya kulalia kuku, na msumeno hutema chengachenga. Ila mashine ya msasa, ile yenye kifuko nyuma, hutoa vumbi laini kama unga. Vumbi hilo la mukima Mutugi alilichunga kwa kichungio cha chai cha mamake (chai ya nyumba hiyo ilinukia karakana wiki nzima), akalitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia na kuuweka jikoni kwa mamake, nyuma ya karakana, kwenye rafu juu ya meko, maana baridi ya Julai ingeligandisha mabonge. Ukichanganya na gundi nyeupe, unaziba shimo kwa rangi ileile ya mbao.

Jumamosi asubuhi akaingia jikoni, moshi tele, akachota vijiko viwili mkebeni, akakoroga na gundi, akashindilia mashimo. Mchanganyiko ulishika vizuri ajabu. Akajipongeza.

Alikuwa bado anajipongeza mamake, Angeline, alipopiga kelele jikoni.

"Wee Mutugi! Huyu mtu wa posho mill amenisagia nini? Uji nimekoroga mpaka mkono umekufa, na haushiki!"

Mutugi akachungulia sufuria. Juu kulielea povu la kahawia, chini maji. Akanusa. Karakana tupu. Akainua macho: juu ya meko palikuwa na mikebe miwili, pacha, wake na wa mamake.

"Mama, hiyo si wimbi."

"Ni nini basi?"

"Ni kabati."

Angeline akamtazama, akatazama sufuria. "Na wimbi yangu iko wapi?"

Mutugi alishatoka mbio. Wimbi ilikuwa kwenye mlango wa kabati, imeshindiliwa kwenye mashimo manne, na kabla ya Jumapili sisimizi wote wa Imenti Kusini wangekuwa wamealikwa. Akagusa kwa kidole. Bado mbichi! Baridi aliyoilaani tangu alfajiri ilikuwa imezuia gundi kukauka. Akafukua yote kwa bisibisi, akafuta kwa kitambaa chenye maji, akarudi jikoni kukung'uta mkebe. Vijiko viwili vilikuwa vimebaki. Mashimo yalitaka hivyo hivyo viwili.

Baada ya kushindilia tena, akaubeba mlango hadi mekoni, na mama mtu akawa anaugeuzageuza mbele ya moto.

"Nimepika chapati miaka yote hii," akasema, "lakini ya mbao, leo ndiyo mara ya kwanza."

Mama Kendi alipofika saa saba, mlango ulishapigwa msasa, ukapakwa mafuta na kufungwa mahali pake. Akakataa kiti kwanza. Akapitisha kiganja juu ya mbao polepole, kikashuka, kikasimama. Pale pale penye mashimo.

"Hapa ulitoboa."

"Ndiyo, mama. Nilikosea."

"Umeziba na nini?"

"Na vumbi lake mwenyewe. La mashine. Nililiweka."

Akainamisha uso karibu na mbao, akasugua kwa kidole gumba, kisha akaanza kucheka, cheko la taratibu.

"Mti wangu nilidhani utanitupia nusu kwa kuku. Kumbe hata vumbi umelitunza!" Ndipo akaketi. "Waambie wazee wako waje Jumamosi ijayo. Na wasinichelewe, mimi si wa kungoja watu."

Mutugi akaketi juu ya sanduku la vifaa. Akacheka peke yake kama mwehu. Kisha njaa ikamkumbuka.

"Mama," akaita, "nipatie uji basi."

Angeline akatokea mlangoni na vikombe viwili, kimoja cha mgeni.

"Wa wimbi," akauliza, "ama wa mukima?"