Dawati la Chiriku

Nimefundisha miaka ishirini na sita, na mwaka huu ndio nimechoka kweli. Darasani kwangu wamo watoto themanini na mmoja. Mgongo unauma, sauti imekauka, na juu ya hayo wakatuletea semina ya nidhamu bila fimbo.

Nilimuuliza mwezeshaji maswali mpaka akachoka yeye. "Mtoto anapiga kelele, nimemwonya mara tatu, sasa nimbembeleze?" Akasema nimuulize sababu. "Watoto themanini na mmoja niwaulize sababu, hesabu nifundishe saa ngapi?" Walimu wenzangu wakacheka. Yeye akatabasamu tu, akatuambia tukaandike makubaliano na watoto wenyewe. Rahisi kusema, jioni yeye anakwenda zake.

Basi tukaandika, tukabandika ukutani. Moja walilitaka wao: aliyemkosea mtu aombe radhi mbele ya darasa, na aliyekosewa achague jinsi ya kuyamaliza. Nikakubali harakaharaka, kengele ilikuwa karibu kulia. Sikufikiri kwamba na mimi nimo.

Fimbo iliondoka, lakini orodha ya wapiga kelele ilibaki. Kiranja huiandika kwenye pembe ya ubao kila siku, na wa kwanza ni yule yule, Chiriku. Tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mama yake, fundi cherehani, alishanieleza wazi: "Mwalimu, nikiitwa tena kwa ajili ya huyu, namtoa shule. Atashona na mimi." Siku hiyo barua ya kumwita nilikuwa nayo mfukoni, imeshapigwa muhuri. Mtoto alishanifika hapa shingoni, sina haja ya kuficha.

Nikageuka kutoka ubaoni, nikamkuta amemwinamia jirani yake ananong'ona.

"We mbumbumbu!" nikafoka. "Kazi kuongea tu, kichwani hamna kitu!"

Chiriku akainama, machozi yakadondokea daftari. Kisha mmoja baada ya mwingine watoto wakageuza macho ukutani. Jamani, hata homa ingenishika dakika ile ningeshukuru.

"Chiriku," nikasema, "nimekukosea. Niwie radhi." "Haya, chagua."

Akajifuta kwa mkono wa sare. "Mwalimu, naomba ukae kwangu. Kipindi kimoja tu."

Nilitaka kukataa. Nikaona vile macho yote yananisubiri, nikampa kiranja chaki na kitabu anakili maswali ubaoni. Dawati la Chiriku liko nyuma kabisa, watoto wanne kwenye benchi la watatu. Nikajibana pembeni, mahali pake, magoti yakagota kwenye mbao, wenzangu wapya wakaziba midomo wasicheke. Chiriku mwenyewe akasimama karibu na mlango.

Nikainua macho. Mwanga wa dirisha ulikuwa umelala juu ya ubao, na ubao wenyewe umechakaa, unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Sikuona tarakimu hata moja. Nikakaza macho, nikainama huku, nikainama kule, wapi! Msichana wa jirani, aliye upande wa njia, alikuwa anaandika bila shida. Nikamwinamia.

"Pale ameandika ngapi?"

"Arobaini na nane, Mwalimu."

"Na chini yake?"

"Mia na sita."

Tangu muhula uanze mtoto wa watu amekaa hapa. Kwa nini hakusema? Nikajijibu mwenyewe: nani alimuuliza? Niliona aibu, aibu ya mtu mzima, ile isiyo na pa kuipeleka.

"Na pale mwisho?" nikanong'ona.

Kiranja, kwa mazoea ya kazi yake, alisikia sauti nyuma, akageuka kuona ni nani, na mkono ukaandika jina kwenye ile pembe ya ubao kabla hajafikiri. Alipotambua ameandika nini, akashika mdomo. Darasa zima likaangua kicheko, Chiriku naye akacheka huku macho bado mekundu. Mimi sikuona kilichoandikwa. Ilibidi jirani yangu anisomee.

"Umeandikwa wewe, Mwalimu. Uko wa kwanza."

Nikatoa barua mfukoni, nikaichana pale pale dawatini.